Mzee Zablon na Mpagazi Asiyekuwamo Kitabuni

Mzee Zablon Chidawali hajawahi kushika bunduki. Jeshini hakwenda, mgambo aliukwepa kwa kisingizio cha mgongo, na hata kuku wa sikukuu huchinjwa na jirani yake Fikiri, yeye akiwa amegeukia ukutani. Lakini mkute alasiri pale Isevya, mjini Tabora, barazani kwa Amne muuza kahawa, uone mambo. Atakueleza handaki la adui huvamiwa vipi kwa ubavuni, bunduki za rashasha hukaa wapi, na kwa nini mkubwa mwenye akili timamu hawapandishi askari wake kilimani mvua ikinyesha. Huyaeleza hayo kwa uhakika kiasi kwamba mgeni humwuliza alipigana vita gani. Hapo wenyeji hucheka, naye hucheka pamoja nao.

Vitabu ndivyo vilivyomfikisha huko. Alizaliwa Kintinku, Ugogo, akasoma mpaka darasa la nane wakati ambao darasa la nane lilikuwa na Kiingereza chake, kisha akaajiriwa na reli na kupelekwa Tura. Tura ni stesheni ya kusubiri. Unaonyesha bendera mchana, unaonyesha taa usiku, na kati ya treni na treni unaangalia miombo. Siku moja treni ya abiria iliharibika pale, na ilipoondoka mtu wa daraja la kwanza akawa amesahau kitabu kinene chenye picha ya watu waliosimama ndani ya mtaro, matope mpaka magotini. Zablon akakiweka rafu ya ofisini amngoje mwenyewe. Mwenyewe hakurudi. Kijana akafungua ukurasa wa kwanza ili tu apitishe muda, na alipofika wa mwisho hakuna ambaye angeweza kumnyang'anya.

Kilichomshika hakikuwa mizinga wala ushujaa. Hakuamini kwamba watu wazima wanaweza kuishi shimoni mwaka na zaidi, wakioga mvua na kulala na panya, kwa ajili ya kilima cha Ufaransa kisichofikia hata kile kilicho nyuma ya stesheni ya Tura. Alitaka kujua iliishaje. Akaanza kuwaomba magadi wa treni wamtafutie vingine kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam: vya vita, vya mahandaki, viwe na ramani. Magadi wakamletea, mwanzoni kwa dhihaka, baadaye kwa mazoea. Alipostaafu na kuhamia Isevya, vitabu vilishuka kituoni Tabora katika sanduku la bati lililozidi uzito wa kitanda chake.

Mkewe Magreth alilitazama lile sanduku likipitishwa mlangoni akasema, "Wenzako wanaugua malaria. Wewe unaugua Ufaransa."

Pale barazani kwa Amne ndipo ugonjwa ulipoambukiza. Zablon alizoea kwenda na kitabu kwapani, na watu wakawa wanamwuliza amefika wapi. Akaanza kuwasomea. Anashika kitabu cha Kiingereza, macho yanapita kwenye mstari, na kinywani kinatoka Kiswahili kilichonyooka. Miaka ikaenda hivyo. Watu wa baraza lile walizijua njia za kuingilia Verdun kuliko njia za kuingilia Igunga. Fikiri, fundi baiskeli, alikuwa upande wa Wafaransa na hajaweza kueleza kwa nini mpaka leo. Amne mwenyewe alikuwa na amri moja tu: panya warukwe. "Hapa watu wanakula kashata," alikuwa akisema, na Zablon akaruka panya wote wa vita ile ya kwanza ya dunia.

Kisha kikaja kitabu cha kijani. Alikileta gadi mmoja aliyekuwa naye anakaribia kustaafu, akasema hiki ni cha kwenu. Kweli kilikuwa cha kwetu. Kilieleza jinsi Wabelgiji walivyoshuka na jeshi lao kuifuata Tabora, Wajerumani na askari wao wakajichimbia upande wa Itaga, wakapigana, mji ukaanguka, na jeshi la Wajerumani likaondoka, sehemu yake ikashika njia ya kusini kupitia Sikonge. Habari zikaenea kwamba Mzee Zablon anasoma vita ya hapa hapa. Baraza likajaa mpaka watu wakasimama barabarani na vikombe vyao mkononi.

Miongoni mwa waliosimama alikuwamo Mathias, mfanyabiashara wa asali kutoka Ipole, huko Sikonge, mtu mzima mwenye wajukuu, asiyesema sana. Alikuwa akishusha ndoo zake sokoni kisha anakuja kusikiliza. Siku ya tatu au ya nne akauliza swali.

"Mzee, nani alikuwa anabeba?"

"Kubeba nini?"

"Vyote. Hayo masanduku ya risasi, hayo mahema, na hiyo meza ya mkubwa unayosema alikuwa analia chakula porini. Sikonge hakuna reli."

Zablon akatazama ukurasa. Akafunua uliofuata, akarudi uliotangulia. "Wanasema, pamoja na wapagazi."

"Basi?"

"Basi."

Mathias akanywa kahawa yake. Ndipo akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba babu wa mama yake, mtu aitwaye Kapela, alikamatwa shambani Ipole na jeshi lile lilipopita, akatwishwa, akaenda. Alimwacha mke na binti wa kunyonya, Kalunde, aliyekuja kumzaa mama yake Mathias. Hakurudi, na hakuna aliyeleta habari. Kwa kuwa hakuna aliyeleta habari, msiba haukuwekwa. Mjane wake hakuomboleza wala hakuolewa tena. Hata jina lake halikupewa mtoto yeyote wa ukoo, maana utamrithishaje mtoto jina la mtu ambaye huenda bado yuko njiani?

Siku iliyofuata Zablon alifika mahali jeshi linapovuka mto mmoja, kusini huko kwenye misitu. Kitabu kilisema mto ulivukwa kwa shida, kikahamia kwenye homa ya ofisa mmoja na dawa alizokunywa. Zablon akanyanyua macho akamwona Mathias ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu aliye kanisani. Akarudisha macho kitabuni, na kwa sauti ile ile, bila hata kukohoa, akasoma:

"Na hapo alikuwapo mpagazi mmoja, mtu wa Ipole, jina lake Kapela. Huyu alivusha sanduku la risasi, akalitua ukingoni, akarudi majini kumvuta mwenzake aliyechukuliwa na mkondo. Mwenzake akapona. Kapela maji yalimshinda. Walimpata chini kidogo, wakamzika ng'ambo chini ya mkuyu mkubwa, na ofisa wa Kijerumani mwenyewe akavua kofia."

Fikiri akasema, "Loo!" Mathias aliondoka na ndoo zake tupu, na machozi akiyaacha yatoke tu.

Simtetei. Ila niliwahi kumwuliza, akanijibu kwamba wakati ule haukuwa uongo kinywani mwake, ulikuwa ni huruma iliyotangulia akili. Angeishia hapo labda dunia ingemsamehe. Lakini watu waliipenda habari ya Kapela, hasa ile kofia, wakawa wanamwomba airudie, naye akairudia, na kila akiirudia mkondo ulizidi nguvu na mkuyu ulizidi kunenepa. Hakuna jenerali wa Ufaransa aliyewahi kushangiliwa Isevya namna ile.

Baada ya mavuno Mathias akaja na uso uliotakata. "Mzee wangu, tumekaa kikao cha ukoo. Vijana wamepata gari. Tunakwenda huko mtoni kuutafuta ule mkuyu, tuchukue udongo wa kaburi tuulete nyumbani, tuweke msiba. Mama amesema atakwenda mwenyewe. Ila kwanza anataka kuja umsomee, asikie kwa masikio yake. Jumamosi tutakuwa hapa."

Mama yake Mathias, Bibi Asnath, alikuwa amepita miaka themanini. Zablon aliitikia kwamba ni jambo jema, akaenda nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Una nini?" Magreth akamwuliza.

Akamwambia yote. Magreth alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza.

"Njia ya mwongo fupi, baba," akasema. "Wewe umeshafika mwisho wake. Mwanamke wa umri ule atakwenda porini kukumbatia mti wako."

Siku zile mpaka Jumamosi Zablon hakufungua kitabu. Alikuwa na hofu mbili, na kila moja aliijua kwa jina. Ya kwanza ilikuwa kwamba akisema kweli, baraza halitamwamini tena, na mtu wa umri wake aliyenyang'anywa baraza amebakiwa na nini? Ya pili ilikuwa bibi mwenyewe. Angemwambiaje kwamba babu yake ameuawa na kuzikwa Isevya, juu ya kikombe cha kahawa? Aliwaza kuugua. Aliwaza kusema kitabu kimeibwa. Usiku wa Ijumaa aliwaza hata kusoma tu uongo wake kwa mara ya mwisho na kuwaacha waende, kwani mikuyu haikosekani mitoni.

Jumamosi Bibi Asnath alifika na Mathias, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, na mkononi ana kopo la asali ya zawadi. Amne alimwekea kiti chenye mto. Zablon akasimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyemwona babu yetu?"

Bibi akampa lile kopo kwa mikono miwili, naye akalipokea kwa mikono miwili. Bibi akatoa miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa.

"Kizungu sikijui," akasema. "Lakini herufi nazijua, Biblia nimeisoma mara nyingi. Usinisomee kwanza. Nionyeshe jina lake lilipo. Nataka niliguse."

Kitabu cha kijani kilikuwa mapajani pa Zablon. Alikifungua kwenye ule mto. Bibi Asnath akasogeza kiti, akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa, akaanza kushuka polepole, midomo ikicheza, akitafuta herufi ya K. Watu wote walikiangalia kile kidole. Kilifika katikati ya ukurasa, na Zablon akakiwekea mkono wake juu.

"Mama, usitafute," akasema. "Halimo."

"Liko ukurasa mwingine?"

"Halimo kabisa. Babu yako hamo humu. Wameandika wapagazi, basi, na mahali pengine wameandika kwamba waliokufa hawakuhesabiwa. Habari ya mto niliitunga mimi. Na mkuyu. Na kofia. Nilimwonea huruma mwanao nikasema uongo, na nikaona watu wameufurahia nikauendeleza. Huo mti msiutafute. Nisamehe, mama yangu."

Mathias alisimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka. Alikuwa mtu mpole, na hasira za mpole zinatisha. "Umemfanya maiti wetu mchezo wa kahawani! Mama yangu ameshona nguo! Ameshona nguo ya kwenda msibani!" Fikiri akamshika mkono. Amne akaziba mdomo kwa kanga. Zablon hakujitetea, alibaki amekaa na lile kopo la asali, hajui aliweke wapi.

Bibi Asnath alivua miwani. Machozi yalimtoka mawili matatu, ya mtu aliyezoea kutopata. Kisha akamgeukia Zablon.

"Kwenu wapi, wewe?"

"Kintinku, mama."

"Mgogo?"

"Mgogo."

"Mgogo wa baba na mama?"

"Wa baba na mama."

Bibi akashusha pumzi. "Mathias, inua kiti ukae."

"Mama, mtu huyu ametudhihaki..."

"Amemdhihaki maiti. Sasa niambie, nani mwingine mwenye ruhusa hiyo?"

Hapo wazee wa baraza wakaanza kuguna, maana waliona anakoelekea. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Wabeba pembe wa Unyamwezi walikuwa hawafiki pwani bila kuikatiza Ugogo, na Ugogo maji ni machache na wenyewe hawayatoi bure. Waligombana, wakazoeana, wakawa watani. Na mtani akija msibani mwako hana adabu wala haombwi kuwa nayo. Atamsema marehemu atakavyo, atamwiga anavyotembea, atamzushia madeni na wanawake, na wafiwa watacheka hata kama hawataki. Lakini haki hiyo ina kazi yake. Vijana wa mjini siku hizi wanaikumbuka haki wanaisahau kazi.

"Mtani amemsema maiti," alisema Bibi Asnath. "Miezi mizima amemsema, na watu wamekunywa kahawa. Sawa. Sasa mtani anachimba kaburi. Gari la kwenda mtoni mlilolipata litampeleka yeye Ipole."

"Bibi," Amne akasema kwa upole, "kitazikwa nini?"

"Hilo ni la kwangu. La kwake ni shimo."

Ipole walifika asubuhi moja ya juma lililofuata. Magreth alikuja pia, akisema hawezi kukosa kumwona mume wake akifanya kazi. Mabani ya kukaushia tumbaku yalikuwa matupu msimu ule, na mizinga ya nyuki ilining'inia mitini mpaka karibu na nyumba. Watu wa ukoo walikuwa wamejaa uani. "Mwangaluka," wakamsalimu, naye akaitikia, na watoto wakamkodolea macho, maana walikuwa wameambiwa huyu ndiye yule mwongo.

Walimwonyesha mahali, kando ya kaburi la Kalunde, wakampa jembe na koleo. Vijana walitaka kumsaidia. Bibi akakataa, akasema aanze yeye, watampokea akishindwa.

Zablon alikuwa amesoma juu ya uchimbaji kuliko mtu yeyote mkoani Tabora. Alijua kina cha handaki, alijua udongo unatupwa upande gani, alijua kikosi kinachimba urefu gani kabla ya mapambazuko. Alipiga jembe la kwanza, likadunda. Chini ya majani ardhi ilikuwa ngumu, imesukwa na mizizi ya miombo, na kila mzizi ulitaka kukatwa peke yake. Baada ya muda mfupi viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Vijana wakaanza kumtania.

"Mgogo, hilo ni kaburi au shimo la kupandia muhogo?"

"Ninyi Wanyamwezi wafupi," alijibu akihema, "mtu wenu ataenea humu humu."

Wakacheka, naye akaendelea. Lakini alipofika kiunoni aliacha kujibu. Aliniambia kwamba pale chini, jasho likimwingia machoni, vitabu vyote vya lile sanduku vilimjia kwa namna nyingine. Alikuwa amewafuata wale watu wa mahandakini miaka na miaka, akijua kila kilima walichokufia, na hajawahi hata mara moja kufikiri mikono yao ilikuwa inauma. Alisimama akashika ukingo wa shimo. Vijana wakadhani amechoka, wakamtoa, wakamalizia wao.

Bibi Asnath akatoka ndani. Alikuwa amefunga kipande cha mti wa mninga, cha urefu wa mtu, kwa sanda nyeupe, na juu yake, upande wa kichwa, ameweka ngata ya nyasi, ya kutwikia mzigo, aliyoisuka mwenyewe. Wajukuu wanne waliubeba. Mwinjilisti Tobias wa kanisa la Moravian alikuwapo. Alikuwa amekiri mapema kwamba ibada ya kuzika mti haimo kitabuni mwake, lakini sala anayo, na aliitoa vizuri. Wakaishusha sanda. Kisha Bibi akamtazama Zablon.

"Mtani. Mseme."

Zablon akavuta hatua mpaka ukingoni. Mara zote alizomsema Kapela maneno yalimtiririka. Sasa alisimama, viganja vinatoa damu, na watu wakangoja.

"Wewe Kapela," alianza, "Mnyamwezi gani wewe asiyejua njia ya kurudi kwao?"

Watu wakaangua kicheko, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

"Wenzako walifika pwani wakarudi. Walipita kwetu, wakanywa maji yetu, wakakataa kulipa, wakarudi. Wewe umepelekwa kusini hapo tu, umepotea! Mkeo amezeeka anakungoja. Kalunde wako amekuwa bibi wa watu, amekufa anakungoja." "Wazungu waliokutwisha wamekwenda kwao zamani. Vita yao imekwisha, babu. Wamekwisha hata kuiandikia vitabu. Ni wewe tu uliyebaki njiani, unatembea na masanduku ya watu ambao hawakuuliza jina lako. Hapa ni Ipole. Huyu hapa ni Asnath, binti wa Kalunde. Umefika. Tua mzigo."

Bibi Asnath alikuwa bado anacheka ule mwanzo. Kicheko kikageuka mdomoni mwake, akakaa chini juu ya udongo na nguo yake mpya, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu aliyefiwa asubuhi ile ile. Wanawake wa ukoo wakampokea, kisha wanaume, kisha Mathias. Zablon akaokota koleo, akaanza kufukia.